Namna ya Kumwita Issa

Issa Mahmoudi hakuketi popote kabla ya kuweka kiganja. Kiti cha plastiki kwenye malewa anakokula mchana, benchi la nje ya msikiti, meza ya ofisi ya mtu mkubwa: kwanza kiganja cha kulia, vidole vimetanuka, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayengoja kujibiwa. Akisharidhika, anakaa. Siku ya mazishi ya baba yake alikiweka kiganja hicho juu ya ubao wa jeneza na kukiacha hapo mpaka wabebaji walipomwondoa kwa kumshika kiwiko. Watu walisema ni uchungu wa mtoto kwa mzazi. Célestine, mwalimu wake, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na wanawake wengine, alijua kwamba alikuwa anasikiliza.

Hakuzaliwa kiziwi. Alikuwa na miaka saba homa ya uti wa mgongo ilipomkamata, ikamlaza mwezi mzima, kisha ikamwacha na kuondoka na masikio yake. Alipopata nguvu walimrudisha chuoni kusoma Kurani. Mwalimu wa chuo alimwita jina lake, hakuitika. Akamwita mara ya pili. Mara ya tatu alimwita kwa fimbo. Kwa majuma matatu mtoto alirudi nyumbani na mistari miguuni, na nyumbani walimwongezea mingine, kwa kuwa mtoto wa Mahmoudi seremala hawezi kuwa jeuri mbele ya mwalimu. Yeye mwenyewe hakuelewa. Miaka mingi baadaye alimwambia Célestine, kwa sauti yake iliyopanda na kushuka bila mpango, na kwa maneno ya mtoto wa miaka saba kwa sababu hayo ndiyo aliyokuwa amebaki nayo: “Nilifikiri watu yote wanakasirika na mie. Donc, ndiyo maana wananyamaza.”

Baba yake ndiye aliyegundua. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, mtoto amekaa upande wa pili, kiganja juu ya ubao. “Papa,” Issa alisema, “randa inaumia.” Mahmoudi aligeuza randa, akatazama chuma. Kilikuwa kimemegeka kipande kidogo mno, ambacho hata yeye, mwenye masikio mawili na kazi ya miaka ishirini, hakuwa amekisikia. Alikwenda nyuma ya mtoto, akamwita jina lake kwa sauti, mtoto hakugeuka. Kisha akampiga kofi la nyuma ya kichwa, la upole, akaanza kulia. Tangu siku hiyo hapakuwa na fimbo nyumbani kwa Mahmoudi.

Fimbo za nje zilibaki. Issa alipofika miaka ishirini, alikuwa anasukuma baiskeli iliyobeba mbao, mbele yake kuna kizuizi cha askari, nyuma yake askari mmoja aliyetoka kujisaidia vichakani. Huyo wa nyuma alipiga kelele asimame. Issa aliendelea kusukuma. Kitako cha bunduki kilimpata juu ya jicho, akaanguka chini ya mbao zake mwenyewe. Alipoinua mikono kueleza kwa vidole, walidhani anawatukana, wakamwongezea buti. Baba yake alimkuta jioni amefungwa kwenye nguzo, damu imemkaukia usoni kama udongo, meno mawili yameondoka. Jicho lilipona. Nyusi haikuungana tena. Ilibaki na njia katikati.

Huyo ndiye mtu aliyeingia kwenye kituo cha mafunzo akiwa na miaka ishirini na tisa, akaweka kiganja ukutani, akangoja, akaketi.

Kituo kilikuwa kwenye mtaa wa Mangobo, kimejengwa kwa ajili ya watu wazima ambao mwili umewapunguzia kitu: wa magongo, wa mkono mmoja, vipofu wanaosuka viti, viziwi watano. Célestine alifundisha asubuhi, na mchana alipanda toleka, baiskeli ya abiria, kuzunguka mjini akiwatafutia wanafunzi wake mahali pa kazi. Alikuwa na karatasi ambazo wafadhili walimtaka ajaze: mwezi wa tatu baada ya kuanza kazi, mwezi wa sita. Swali lilikuwa moja. Je, mtu huyu angali kazini? Mara nyingi aliandika hapana, akaongeza sababu kwa mwandiko mdogo ambao hakuna aliyeusoma.

Juma la kwanza kabisa Issa alimwambia jambo. Karakana ya kituo ilikuwa na sakafu ya mbao, na msumeno ulikuwa unanguruma. “Mama, ukinitaka, piga muguu chini. Mashine inasema neno moja saa yote. Muguu inasema neno yake. Nasikia.”

Célestine alikataa, tena kwa ukali. “Mbwa ndiyo tunapigia muguu, Issa. Wewe iko mutu.”

Yeye alikuwa mtoto wa Wagenia, kwao ni kando ya maporomoko, mahali ambapo maji hayamwachii mtu sauti. Baba yake na wajomba zake, wakiwa juu ya magogo ya mitego ya samaki, waliitana kwa kokoto. Unaokota ndogo, unamrushia mwenzako mgongoni, anageuka, mnaongea kwa mikono. Kwao hiyo ilikuwa adabu. Kokoto ikikugusa, ni jina lako limetajwa. Basi Célestine alimwita Issa kwa kipande cha chaki begani, na Issa aligeuka, na kwa miaka miwili jambo hilo halikumuumiza mtu. Mguu ukasahauliwa.

Alihitimu wa kwanza. Aliweza kukaa mbele ya msumeno mkubwa na kujua kwa kiganja kwamba gogo lina fundo ndani kabla ya meno kulifikia. Lakini cheti ni karatasi, na wenye viwanda walikisoma wakamtazama mwenye nacho, wakasema watapiga simu. Célestine alirudi mara nne kwa Papa Urbain, mwenye kiwanda cha kupasulia magogo kando ya mto, mtu mnene, mwenye haraka, asiye mbaya.

“Mama Célestine, mashine yangu inakula watu wenye masikio. Huyu itamufanya nini?”

“Huyu hatashituka kwa kelele, Papa Urbain. Na mukono yake inasikia kuliko sikio ya watu wako.”

“Bon. Afagie unga wa mbao miezi sita. Akikaa miezi sita bila matata, namuweka kwenye mashine. Matata moja, anatoka.”

Issa alikuwa ameyafuata midomoni maneno yale yote. Aliweka kiganja juu ya meza ya Urbain, akangoja, akasema, “Miezi sita.” Na kuanzia hapo hakutaka kitu kingine duniani. Mkewe Zaina, muuza ndizi za makemba, alimwambia Célestine kwamba mumewe anahesabu siku kwa kuchora mistari nyuma ya mlango, kama mfungwa.

Siku ya kwanza Célestine aliwakusanya wafanyakazi juu ya sakafu ile ya mbao iliyozunguka msumeno, akawaonyesha. “Munaokota kipande kidogo, hivi. Munarusha kati ya mabega, polepole. Anageuka.” Akarusha. Issa, aliyekuwa amewapa mgongo kana kwamba anatazama mto, aligeuka. Wanaume wakapiga makofi.

“Donc, mama, tuko na ruhusa?” aliuliza mpakiaji mmoja wa magogo aliyeitwa Jeancy, mwenye mabega mapana na mdomo usiofungwa. Wote wakacheka. Célestine naye alicheka.

Mwezi wa tatu alikuja na karatasi yake. Issa alisema iko muzuri. Aliandika ndiyo, akafurahi njia nzima. Siku mbili baadaye Zaina alikuja kituoni, sinia la ndizi kichwani, hata hakulitua.

“Mwalimu, ile kiwanda iko na ngazi?”

“Ngazi gani?”

“Mume wangu anasema ameanguka kwenye ngazi. Kila siku. Kuya uone.”

Nyumbani kwao Issa alikataa kwanza kuvua shati. Zaina alimvua kama mtoto. Mgongo wake haukuwa na rangi moja. Madoa ya zamani yalikuwa ya manjano, ya karibuni yalikuwa meusi kama ini, na chini ya bega la kushoto palikuwa na tundu lenye usaha, kwa sababu kipande kimoja kilikuwa na msumari. Célestine aliona kitu ambacho Zaina hakuweza kukiona. Mapigo hayakutawanyika. Yalikuwa yamerundikana kati ya mabega, palepale alipolenga yeye siku ile.

Alikwenda kiwandani siku hiyohiyo.

“Mama, si weye ulitufundisha?” Jeancy alisema. “Tunamuita tu.”

“Na kipande yenye musumari?”

“Bon, akichelewa kugeuka, tunaongeza kilo.”

Kicheko. Mmoja alisema kwamba kiziwi amekuwa kama ngoma, anapigwa ndipo aseme. Papa Urbain alitoka ofisini, akasikiliza nusu, akasema wanaume wanacheza, mama asiingilie. Na Célestine, ambaye katika miaka iliyofuata angeirudia saa hiyo kichwani zaidi ya saa nyingine yoyote ya maisha yake, hakusema acheni kurusha. Alisema: “Vidogo. Murushe vidogo tu.”

Mwezi wa tano ncha ya ubao mzima ilimpata Issa shingoni akiwa ameinama na fagio. Aliangukia uso kwenye unga wa mbao. Alipoinuka alikuwa ameushika ubao uleule, na kabla Jeancy hajamaliza kucheka ulikuwa umempasua mdomo. Meno ya Jeancy yalianguka juu ya sakafu, mawili, kama yale ya Issa ya kizuizini. Kisha wanaume sita walimwangukia. Walimpiga kwa buti, kwa ngumi, mmoja kwa mnyororo wa kufungia magogo, naye kwa sauti yake isiyojua kupima alikuwa anapiga kelele moja ndefu, na kelele hiyo iliwatia wazimu zaidi. Papa Urbain aliwatawanya kwa ndoo za maji ya mto na kwa fagio la Issa mwenyewe.

Célestine alipoitwa kwa simu alimkuta ameegemea gurudumu la lori, sikio limechanika, anatema nyekundu. Hakumgusa. Alikwenda kwanza kwa Urbain, akapiga magoti kwenye unga wa mbao, mwanamke mwenye miaka arobaini na mitatu na stashahada ya ualimu.

“Simama, Mama, unaniletea haya.”

“Mwezi moja, Papa Urbain. Imebakia mwezi moja tu.”

“Wamemutesa, nimeona. Lakini Jeancy iko na bandugu zake hapa. Issa akirudisha mukono tena, hata kidole, anatoka. Nimesema.”

Njiani walishuka kwenye toleka karibu na daraja kwa sababu Issa alitaka kutapika. Alitapika, akajifuta, akasema akiutazama mto Tshopo: “Mie sigeuki tena.”

Célestine alimshika kidevu amgeuze auone mdomo wake. “Namna gani, haugeuki?”

“Wakirusha, sigeuki. Nikigeuka, namuona Jeancy anacheka. Nikimuona, namuua. Nikimuua, mashine imekwenda.”

“Na kama siku moja wanakuita kwa kitu ya kweli?”

Lakini alikuwa amefumba macho, na Issa akifumba macho, mazungumzo yamekwisha.

Alitimiza neno lake. Juma zima walimrushia, hata wakawekeana dau la bia nani atamgeuza, na hakuna aliyekunywa. Kipande kilimpiga, mabega yakakaza, fagio likaendelea. Baadaye walichoka, wakawa wanarusha kimoja kimoja tu, bila furaha, kama mtu anayekuna kidonda cha zamani.

Mwezi wa sita ulipotimia, Papa Urbain hakuvunja ahadi. Célestine alikuja asubuhi na karatasi yake na kalamu mpya. Issa alikuwa amevaa shati jeupe ambalo Zaina alilipiga pasi, jambo la kijinga mbele ya msumeno. Aliweka kiganja juu ya meza ya chuma ya msumeno. Waliwasha. Aliendelea kungoja, kichwa kimeinama, mpaka Urbain akaanza kukunja uso. Kisha akainua kidole, akaonyesha mkanda wa mashine, na fundi alipokwenda kutazama alikuta umelegea upande mmoja. Waliukaza. Hakuna aliyecheka. Gogo la kwanza lilipita kwenye meno na kutoa ubao ulionyooka kama uzi, na Issa aliupapasa na kuuweka kando, akachukua wa pili. Célestine aliiweka karatasi juu ya goti lake, akaandika ndiyo.

Njia ya kuteremshia magogo ilikuwa nyuma ya mahali aliposimama Issa, juu ya udongo mtupu, si juu ya sakafu, hivyo mbao hazingemwambia kitu. Jeancy alikuwa huko juu. Ndoana ya mnyororo ilifunguka, na gogo lililokuwa mbele likaanza kubingirika, kwanza polepole kama linafikiri. Jeancy alipiga kelele. Mara hii hakuwa na mzaha. Alipunga mikono yote miwili, mdomo wenye pengo umeachama. Urbain alikimbilia swichi, lakini swichi ilikuwa mbali.

Célestine alikuwa hatua kumi kutoka kwa Issa. Miguu yake miwili ilikuwa imesimama juu ya mbao zilezile alizosimama Issa. Lakini mkono una kumbukumbu yake. Mkono wake ulikuwa tayari umeshuka chini, umeokota kipande, umerusha. Kilimpata katikati ya mabega, sawasawa. Aliyaona mabega yakikaza. Alijua kwamba amesikia. Issa hakugeuka.

Aliokota kingine, kikubwa. Kilimpata shingoni. Issa alitikisa kichwa, mara moja, kama mtu anayekataa chakula.

Kisha gogo liliingia sakafuni, likampiga nyuma ya magoti, likamsukuma mbele, na kiganja chake cha kulia, kilichokuwa juu ya ubao, kikatangulia.

Msumeno ulibadilisha sauti. Ubao ule mpya ukawa mwekundu wote, na shati, na karatasi iliyokuwa imeanguka. Issa hakupiga kelele. Alikuwa anautazama mkono wake kwa mshangao, akitafuta kilichokuwa hapo. Jeancy ndiye aliyeruka kutoka juu, aliyevua mkanda wake na kuukaza kwenye mkono huo kwa meno aliyobaki nayo, aliyembeba mgongoni akikimbia mpaka barabarani huku akilia kwa sauti na kuwapiga makonde watu waliosimama njiani.

Hospitalini waliukata tena, juu zaidi, kwa sababu mfupa ulikuwa umesagika. Papa Urbain alituma mchele, mafuta, na maneno kwamba nafasi kwenye mashine imepata mtu. Jeancy alikuja mara tatu akasimama nje ya dirisha la wodi, hakuingia. Célestine aliingia kila siku, akamlisha lituma, ndizi za kupondwa alizotuma Zaina, tonge kwa tonge, na kila siku alikuwa na sentensi moja mdomoni na kila siku alirudi nayo nyumbani.

Walipomruhusu, Zaina aliamua. Kaka yake alikuwa na shamba Banalia, wangekwenda huko. Célestine aliwasindikiza mpaka mahali malori ya barabara ya Banalia yanapopakia. Zaina alikuwa ameshapanda, anapanga vyungu. Issa alisimama chini, mkono wa kushoto juu ya bodi ya chuma ya lori, kiganja kimetanuka bila ustadi, kama cha mtoto anayeanza kuandika. Injini ilikuwa inanguruma. Alikuwa anaisubiri ijibu, nayo bado haikuwa inamjibu vizuri.

Célestine alisimama mahali atakapoonekana mdomo wake.

“Issa. Vile vipande viwili vya mwisho. Ni mie nilirusha.”

Alimtazama mdomoni hata baada ya kumaliza.

“Ya kwanza ilikuwa nyepesi,” alisema. “Nilijua si Jeancy.”

“Na haukugeuka?”

“Nilikuwa na ubao kwenye mashine, Mama.”

Dereva alipiga honi. Zaina alimnyooshea mkono kutoka juu, akamvuta, na watu wawili walimsukuma kutoka chini. Célestine alitaka kusema neno la msamaha lakini hakujua kama lisemwe kwa Kiswahili, kwa Kifaransa au kwa mikono. Lori lilisogea. Issa aliinama juu ya bodi, sauti yake ikapanda juu ya injini bila kujua kwamba inapanda, hata wapakiaji wakageuka.

“Wengine wenye utapeleka kazini nyuma ya mie, Mama, ambia watu wao wapige muguu chini. Hata kama ni ya mbwa.”